Ukitaka Uzuri, Usikubali Kudhurika

Wahenga walisema, ukitaka uzuri sharti udhurike. Kwa karne nyingi methali hii ilimtuliza mtoto wa kike aliyelia akitogwa masikio, na bibi harusi aliyekaa kutwa nzima na hina mikononi bila ya kuweza kujipepea. Ilikuwa methali ya udhia mdogo kwa ajili ya sherehe kubwa. Siku hizi imehamia saluni, na huko imeharibika. Msusi anavuta, kichwa kinawaka moto, mteja anauma meno, na kila akijikunyata husomewa methali hiyo kana kwamba ni hati ya ruhusa. Baada ya miezi sita kipaji kimepanda, nywele za panja zimekatika, na hapana wa kuulizwa, kwani walioitunga methali wamekwisha kufa zamani.

Hapana mahali ambapo methali hii imetumiwa vibaya kuliko katika kuanzisha dredi. Na ili ubishi huu usielee hewani, ni vyema ukaegeshwa mahali: Mikese, katika mkoa wa Morogoro. Mikese iko kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, mwendo wa kiasi cha kilomita 30 kabla ya kuufikia mji wa Morogoro, na reli ya kati inapita hapo tangu Wajerumani walipoifikisha Morogoro mwaka 1907. Kabla ya reli, misafara ya Bagamoyo ilipita hapo hapo. Stanley alipita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Kwa hiyo kila mtindo utokao pwani kwenda bara, wa shanga, wa kanzu au wa nywele, humpitia mtu wa Mikese mlangoni.

Chukulia, basi, kijana wa Mikese aliyemaliza kidato cha nne. Kwa miaka 11 ya masomo amenyolewa karibu na upara, kama kanuni za shule zitakavyo. Sasa, kwa mara ya kwanza, kichwa ni chake, na anataka dredi. Atakutana na mashauri mawili. Mzee wa nyumbani atamwambia kwamba dredi ni uchafu, ni uhuni, ni bangi. Mwenye saluni kando ya barabara atamwambia aje saa nne asubuhi, saa kumi jioni atatoka nazo zimemfika mabegani.

Mashauri haya yaonekana kugombana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza lasema nywele za Mwafrika zikiachwa zikue zitageuka uchafu. La pili lasema zikiachwa zikue haziwi kitu, mpaka zipakwe nta, zidungwe sindano, ziungwe nyuzi za dukani. Yote mawili yanaanza na dharau moja: kwamba nywele za kipilipili hazijui kazi yake. Na dharau hiyo ndiyo inayopaswa kupigwa vita, kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu inaumiza ngozi za watu.

Dharau hii haikuanzia saluni. Washairi nao wana mkono wao ndani yake. Ni mara ngapi mpenzi wa shairi la pwani amesifiwa kwa nywele za singa, zilizolala mgongoni na kung'aa kama hariri? Na neno kipilipili lenyewe, ambalo kwa haki ni tashbihi nzuri ya punje za viungo, limetumika zaidi katika mizaha kuliko katika mapenzi. Mshairi anayemwimbia singa mwanamke mwenye kipilipili hamsifu, anamsahihisha. Kisha mwanamke huyo akienda kununua dawa ya kunyoosha nywele, baadhi yake zikiwa na soda kali ile ile itumikayo kuzibulia mabomba, watunzi hao hao huandika beti za kumcheka kwa kuiga Wazungu.

Walakini si wote waliokosea. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, hakuona haya kumwusia juu ya kuoga, kujisinga na kuzifunga nywele zake. Alielewa kwamba nywele ni jambo la adabu na lastahili wino. Baada yake, wengi wa waliomrithi katika fani wamezitazama nywele kwa mbali, kama pambo la mwili wa mwingine, bila ya kujua zinavyooshwa.

Hata maneno yenyewe yamepotea njia. Tanzania, neno rasta limekuwa jina la nywele bandia za kusukia. Msichana husema amesuka rasta bila ya kumfikiria Haile Selassie, aliyetawazwa Novemba 1930, wala Warastafari wa Jamaika waliojiita kwa jina lake la kabla ya ufalme. Dredi nalo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya hofu kuu. Lakini Kiswahili hakikungoja Jamaika. Kina msokoto, kina songo, kina kishungi. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili akifika kwenye kisa cha Samsoni, katika kitabu cha Waamuzi, atavikuta vishungi saba kichwani mwa mnadhiri huyo. Neno lilikuwapo, kilichokosekana ni heshima.

Tena Mikese yenyewe iko katika nchi iliyokuwa na elimu ya nywele. Waluguru, Wakwere na Wazaramo, ambao ardhi zao zinakaribiana hapo, walikuwa na mwanahiti, kinyago kidogo cha mti alichokabidhiwa mwali akiwa ndani. Kichwa cha kinyago hicho kimechongwa mtindo wa nywele wenye matuta mawili, na vingine vilibandikwa nywele za mtu hasa. Mwali alikiosha, akakipaka mafuta, akakitunza kama mtoto. Wataalamu wa mila wamekiandika kwa habari za uzazi na ukoo, na wana haki. Lakini pia kilikuwa somo la mikono. Msichana alijifunza kwamba kichwa hutunzwa polepole, kwa siku nyingi, na kwamba mtindo una maana kabla ya kuwa na bei. Leo vinyago hivyo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na kijana wa Mikese anaambiwa kwamba nywele zake zilikuwa pori mpaka alipofika msusi na chupa yake.

Basi na irudiwe elimu hiyo kwa lugha ya leo, kuanzia maandalizi.

La kwanza ni kukikagua kichwa. Mwenye mapunye, vidonda au mba mzito aende kwanza kutibiwa, kwani msokoto juu ya maradhi ni kufunika donda kwa kilemba. Ambaye nywele zake za mbele zimekwisha kukatika kwa kusukwa sana azipumzishe kabla ya kuanza. Nywele zilizotiwa dawa zingojwe zikue na sehemu yenye dawa ikatwe. Hazijifungi vyema, na pale zinapokutana na zile mpya ndipo hukatikia.

La pili ni urefu. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo. Ili kishungi kishikike inahitajika kama sentimita nne au tano. Maana yake ni kwamba kijana aliyenyolewa siku ya mtihani wa mwisho ana miezi mitano au sita ya kungoja kabla ya kugusa kitana. Saluni haipendi kumwambia hivyo, kwa kuwa subira haina risiti.

La tatu, nalo ndilo linalouvunja ule usemi wa uchafu, ni kuosha. Kila unywele umevikwa magamba madogo sana yaliyopangana kama makuti ya paa. Nywele zikiwa safi na kavu, magamba hukwaruzana na kushikana. Zikiwa na mafuta, huteleza na kuachana. Kwa hiyo dredi huanza kwa usafi: shampuu isiyoacha mafuta, mara mbili, na kusuuza mpaka povu liishe, maji ya mvua ni bora kuliko ya chumvi. Mafuta ya nazi na ya nyonyo yawekwe kando kwa wakati huo. Kisha zikaushwe hadi shinani. Anayesema dredi hufungwa na uchafu hajapata kuziosha. Uchafu hauzifungi, unazitia harufu tu.

Na kitu gani hasa huzifunga? Kila siku kichwa hupukutisha nywele baina ya 50 na 100. Mwenye nywele za kuchana huziona kwenye kitana. Mwenye vishungi hazioni, kwani zimenaswa na zile zilizo hai na kujisokota nazo. Hizo ndizo nyuzi za ushoni. Nywele za kipilipili, kwa kuwa unyuzi wake ni bapa na umejikunja, hufanya kazi hiyo zenyewe kuliko nywele nyingine zozote duniani. Kile kinachodharauliwa ndicho chombo chenyewe cha kazi.

Baada ya hayo ndipo huja uchaguzi wa njia, na njia huchaguliwa kwa kuzitazama nywele, wala si kwa kuitazama picha iliyobandikwa ukutani.

Ya kwanza ni kuachia: kuosha, kukausha, kuacha. Haina gharama wala maumivu. Udhaifu wake ni kwamba mwenyewe hachagui idadi wala unene, na asipozitenganisha kwa vidole kila aoshapo, vishungi huungana na kuwa mkeka.

Ya pili ni kitana: nywele hugawanywa kwa miraba yenye upana wa ncha ya kidole, kila mraba ukazungushwa kwa kitana chembamba mpaka ujikunje. Yafaa nywele fupi na ngumu. Hufumuka zikioshwa mwanzoni, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakaacha kuosha. Wasiache, wasokote tena.

Ya tatu ni pacha, yaani mafungu mawili yanayozungushiana. Inahitaji urefu zaidi, hustahimili maji vyema, na alama ya mzunguko huonekana kwa miezi kadhaa kabla ya kufutika. Ya nne ni mabutu ya mafungu matatu, yawafaayo wenye nywele laini kidogo, kwa sharti kwamba shina lisikazwe.

Njia hizi nne zinahitaji maji, pengine na utomvu kidogo wa mshubiri, na hazihitaji kitu kingine. Zinazobaki ndizo zenye kesi ya kujibu.

Kuchana kwa kurudisha nyuma, mpaka nywele ziwe fundo, kunazifaa zaidi nywele za singa, ambazo bila ya kulazimishwa hazishikani. Kuichukua njia hiyo na kuitumia kwenye kipilipili ni kuvunja mlango ambao haukufungwa. Sindano ya kroshia nayo ina mahali pake, katika mkono wa fundi, kwa kurekebisha kishungi kilicholegea. Lakini kukishona kichwa kizima kwa alasiri moja, nywele changa zikivutwa huku na huko kwa ndoano, ni kuzikata nyuzi zile zile zilizotarajiwa kubeba uzito. Nta hunasa vumbi na haitoki kwa maji. Kando ya barabara kama ya Mikese, ambako malori hupita usiku na mchana, mwenye nta hukusanya barabara kichwani. Na kuunga nywele bandia ili zifike mabegani siku hiyo hiyo ni kulitwika shina la sentimita tano mzigo wa sentimita arubaini. Shina husema ndiyo kwa wiki chache, kisha hutoka na mzigo wake. Waganga wa ngozi wanalijua vyema jambo hili: nywele zilizovutwa kwa muda mrefu hupotea kwanza mbele na pembeni, na kovu likishaingia ndani ya ngozi hazirudi tena.

Hapo methali ya wahenga inatajwa kwa ujasiri. Jibu lake ni fupi. Maumivu katika kusokota nywele ni habari kwamba kitu kinaharibika, kama vile moshi ulivyo habari ya moto. Vishungi vinavyoanzishwa vizuri haviumi hata kidogo. Vinadai tu miezi sita, mwaka, na kwa wengine mwaka na nusu, hadi vikomae.

Kwa msomaji wa pwani kuna hoja nyingine, na si ndogo: josho. Inasimuliwa katika Sahihi ya Muslim kwamba Ummu Salama alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, iwapo azifumue nywele zake zilizosukwa kwa kukazwa kwa ajili ya josho la janaba. Akajibiwa kwamba yamtosha kujimiminia kichwani mateko matatu ya maji. Aidha imepokewa kutoka kwa Ummu Hani kwamba Mtume aliingia Makka akiwa na misuko minne. Kwa hiyo nywele ndefu na za kusukwa si jambo geni kwa sunna. Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo katika visiwa na mwambao, wanasisitiza maji yafike ndani, na kuunga nywele kumekuja makatazo makali. Mwenye shaka na amwulize shekhe wake. Lakini dalili yenyewe inaelekea upande ule ule: vishungi vyembamba, visivyo na nta ya kuzuia maji, visivyoungwa. Dini na usafi wa ngozi vinatoa shauri moja, na saluni ya haraka inatoa jingine.

Mzee wa nyumbani bado hajajibiwa kikamilifu. Hoja yake haistahili kupuuzwa, kwani ni hofu ya mzazi: mtoto atanyimwa kazi, atasimamishwa na polisi, atahesabiwa mhuni. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua vikapigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Tangu hapo mwili wa kijana umekuwa mahali pa kupimia maadili. Lakini ajabu ni kwamba wigi lilikatazwa kwa kuwa ni ugeni, na leo kishungi, ambacho si ugeni, kinakataliwa kwa hukumu ile ile.

Mzee huyo huyo, akienda mjini Morogoro, hupishana na morani wa Kimasai mwenye nywele ndefu zilizosokotwa na kupakwa udongo mwekundu, wala hamwiti mhuni. Anajua kwamba siku ya Eunoto mama yake atamnyoa na kumwingiza katika rika jingine. Anajua pia habari za wapiganaji wa Mau Mau, ambao nywele zao zilijifunga msituni. Muthoni wa Kirima, aliyeingia msituni katika miaka ya 1950 na kufikia cheo cha fildimashali, alibaki na vishungi vyake mpaka Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta. Akafariki Septemba 2023. Miongo sita ya Kenya huru iliviona vishungi hivyo, na hapana aliyethubutu kuviita uchafu. Na mnamo Septemba 13, 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba shule haikuwa na haki ya kumfukuza mwanafunzi wa Kirastafari kwa sababu ya nywele zake. Basi kinachomtisha mzee si nywele. Ni kijana asiye na rika, asiye na nadhiri, asiye na mtu wa kumwambia kwa nini amezifuga.

Hapo mzee amegusa ukweli, na kijana na ausikilize. Kishungi kilichokomaa hakifumuki kirahisi. Atakayejuta mara nyingi atanyoa na kuanza upya. Anayeanza kwa sababu ya wimbo mmoja aliousikia kwenye daladala, na anayeanza kwa kuwa amekipima kichwa chake na wakati wake, hawafanani, hata kama kitana ni kimoja. Kungoja miezi sita ya kukuza nywele ni mtihani wa kutosha: ambaye nia yake haikufika mwezi wa tatu, haikuwa nia.

Wala msusi asibebeshwe lawama yote. Naye anakula kwa mikono yake, analipwa kwa kichwa kilichokwisha, na mteja ndiye anayekuja akidai urefu kabla ya jua kuchwa. Akimwambia mteja arudi baada ya miezi mitano, mteja atavuka barabara kwa jirani. Dawa ya hilo ni kubadili kinacholipiwa. Msusi na alipwe kwa kuosha, kwa kugawa miraba, kwa kusokota upya mara moja kwa mwezi bila ya kukaza, kwa kukagua ngozi ya kichwa. Hapo atakuwa na mteja wa mwaka mzima badala ya mteja wa siku moja anayerudi na kilemba cha kuficha upara. Pale atakapoweza kumwambia mteja wake "bado" na asiogope njaa, ndipo ufundi wake utakapoheshimiwa kama ufundi wa useremala na wa ushoni.

Na washairi nao wanadaiwa. Kiswahili kimekwisha kuzisifu nywele zinazoteleza. Kinangojewa kuzisifu zinazoshika. Haihitaji tamko la mkutano wala azimio la baraza. Yatosha mtunzi mmoja, akifika kwenye ubeti wa kichwa cha mpenzi wake, aandike kile anachokiona.

Wahenga hao hao walisema pia, mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Kijana wa Mikese amewaona wenzake wengi wakinyolewa, na shule, na nta, na sindano. Chake na akitie maji, akikaushe vizuri, na asikubali mtu yeyote akivute.